Wananiletea vichupa niwapimie. Nikisusa watajipimia wenyewe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni uhasibu wa saccos. Mama yangu ana kisukari, na kwa miaka mingi mimi ndiye ninayemdunga insulini asubuhi na jioni. Nesi wa kliniki alinifundisha vizuri: bomba la sindano lishikwe usawa wa macho, kiputo cha hewa kitolewe, na kipimo kisomwe kwenye ukingo wa mpira ulio upande wa sindano, si ule wa chini. Kwa hiyo katika ukoo wetu mjuzi wa bomba ni mimi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwaka jana wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alianza kutumia dawa ya kupunguza mwili. Si zile kalamu za kujidunga anazoandika daktari, bei yake haiwezi. Hivi ni vichupa vidogo vyenye unga mweupe uliogandia chini, kiasi cha ukucha, anavinunua mtandaoni kwa dada mmoja anayeagiza nje. Kichupa kimeandikwa semaglutidi miligramu 5, halafu kwa herufi ndogo kabisa kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Muuzaji anasema hayo ni maneno ya kupitishia mzigo. Maji ya kuchanganyia unanunua mbali. Maelekezo yalikuja kwa ujumbe wa sauti: weka maji, zungusha taratibu bila kutikisa, vuta robo, dunga tumboni mara moja kwa wiki.

Robo ya nini? Hakusema.

Wifi alinijia na swali hilo hilo. Nikaketi na kalamu. Miligramu 5 ndani ya mililita 2 za maji ni miligramu 2.5 kwa kila mililita. Nikasoma kwamba watu huanza na robo ya miligramu, yaani 0.25, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya mililita, na kwenye bomba la insulini la yuniti 100 ni mstari wa 10. Nikamvutia, akajidunga. Wiki iliyofuata alikuja na shoga yake. Sasa ni wanne, kila Alhamisi jioni wanajaa jikoni kwangu nami napima. Kichupa wanachangia, maana kimoja kinatoa dozi 20 za kuanzia, mtu peke yake atakimaliza lini? Sichukui hela, ila hawaji mikono mitupu: sukari, sabuni, vocha.

Mwezi uliopita nilikwenda Moshi msibani, Alhamisi ikanikuta huko. Vichupa vipya vilikuwa vimeingia, safari hii vya miligramu 10. Maji yalikuwa yamebaki kidogo, wifi akatia mililita 1. Akakumbuka ile robo, akaona 25 kwenye bomba, akavuta mpaka hapo. Wenzake walichelewa kufika, ndiyo salama yao. Niliporudi nikapiga hesabu nikarudia. Alikuwa amejidunga miligramu 2.5, mara kumi ya alichokusudia.

Alitapika siku mbili, hata maji hayakukaa tumboni. Kaka akamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu, wakampima malaria, mwisho wakasema ni chakula. Yeye hakutamka alichojidunga. Nilikuwa nimeshafika, nimesimama kando ya kitanda, naye amenikazia macho. Nikanyamaza.

Alipopata nafuu akaniambia, "Unaona? Bila wewe tutakufa." Na Alhamisi iliyofuata wakarudi wote, yeye wa kwanza.

Kaka hajui lolote. Kaka huyu ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Anaamini mkewe anapungua kwa kutembea na kuacha wali wa usiku, anamsifu mbele za watu, na sasa anahesabu miezi akisubiri mtoto wa pili. Nikimwambia, nitakuwa nimemvunjia wifi ndoa, na aliniapisha. Nikinyamaza na siku moja likatokea la kutokea, nitamtazamaje? Nikisusa kupima, watajipimia kama alivyojipimia yeye. Nikiendelea, mimi ni nani? Si nesi, si mfamasia. Shangazi, maji yamezidi unga. Nifanyeje?

Mpimaji wa Alhamisi, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Pole na msiba, na pole zaidi kwa kile kitanda cha hospitali ulichosimama kando yake huku umefunga mdomo. Barua yako ina maswali matatu yaliyosokotana: kama uendelee kupima, kama umwambie kaka, na lile uliloliuliza kwa haraka haraka, wewe ni nani katika shughuli hii. Nitajaribu kuyatenganisha, ingawa najua kwenye maisha yako yanakaa jiko moja.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyokuingiza humu. Nimeipitia pamoja na mfamasia ninayemwamini, na haina kosa. Jambo alilosisitiza ni hili: ile mistari kwenye bomba la insulini haipimi dawa, inapima ujazo. Mistari 100 ni mililita 1, basi. Insulini ya mama yako imetengenezwa kiwandani ilingane na mistari hiyo, ndiyo maana daktari akisema yuniti 10 nawe ukavuta 10, kazi imekwisha. Unga wa wifi yako haulingani na mstari wowote mpaka mtu aseme ni miligramu ngapi zimeingia kwenye maji kiasi gani. Mstari huo huo wa 10 ni robo ya miligramu kwenye kichupa cha 5 kilichotiwa mililita 2. Kwenye kichupa cha 10 chenye maji hayo hayo ni nusu miligramu. Na katika kile alichochanganya wifi ulipokuwa Moshi, mstari wa 10 ulikuwa miligramu nzima, naye alipita hapo akaenda mpaka 25.

Tena ukumbuke mabomba hayafanani. Yapo ya yuniti 40, aghalabu yenye kifuniko chekundu, ambayo mistari 40 ndiyo mililita 1. Ukivuta 10 kwenye hilo umevuta robo ya mililita, mara mbili na nusu ya ulichotaka. Na hata yale ya yuniti 100 yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, kwenye bomba kubwa la mililita 1 kila kistari kidogo mara nyingi ni yuniti 2, wakati kwenye bomba fupi la mililita 0.5 ni yuniti 1. Mtu aliyezoea moja akishika jingine anahesabu vistari kwa mazoea.

Nayasema haya kwa kirefu ili usimwone wifi yako mjinga. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili hili: watu waliopewa semaglutidi ya kwenye vichupa, iliyochanganywa na maduka ya dawa, walijidunga mara 5 hadi mara 20 ya kipimo chao kwa kuchanganya miligramu, mililita na yuniti. Baadhi yao walilazwa. Hata wahudumu wa afya walikosea katika kupiga hesabu. Na hao walikuwa na daktari wa kumpigia simu.

Sasa niruhusu nikuulize jambo ambalo barua yako imelipita. Wewe ni mhasibu. Akija mtu na vitabu vyake, akakuambia kwa mdomo tu kwamba salio la mwanzo ni milioni 5, bila hati ya benki, utajumlisha na kutoa vizuri mpaka mwisho wa mwaka. Je, utatia sahihi? Ile 5 kwenye kichupa ndiyo salio lako la mwanzo. Aliyeiandika humjui, wala yule dada anayemuuzia wifi yako hamjui. Kama ndani mna 3, au 8, au kitu kingine kabisa, mstari wako wa 10 unabaki sahihi kwenye karatasi tu.

Wala si hofu ya bure. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba matoleo bandia ya Ozempic, dawa hiyo hiyo ya semaglutidi, yamekamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 huko Austria walilazwa watu waliojidunga kalamu zilizoshukiwa kuwa bandia: sukari iliwashuka ghafla, wakapata na degedege, na mamlaka ya dawa ya huko ikaona dalili kwamba ndani palikuwa na insulini. Hao walighushiwa kalamu yenye jina la kampuni na boksi lake. Kichupa cha wifi yako hakina hata jina la kughushi.

Halafu kuna hili la kuchangia. Nimefuata mantiki yenu ya dozi 20 na naielewa, pesa haziokotwi. Lakini kichupa kilichotobolewa kwa sindano, hata kama maji yake yana kizuia bakteria, kwa kawaida hutupwa baada ya siku 28. Wanawake wanne kwa wiki nne, wakibaki kwenye dozi ya kuanzia, watatumia dozi 16. Zile 4 zilizobaki nani kati yao atakubali zimwagwe? Na siku usipokuwepo, nani anahakikisha kila anayechoma kizibo kile ana bomba jipya? Mmoja akirudisha sindano iliyokwisha kuingia mwilini mwake, homa ya ini na VVU vinapata njia ya kwenda kwa watatu wengine.

Nije kwenye ile kauli, "Bila wewe tutakufa." Ina ukweli ndani yake, sitaki kuidharau; Alhamisi moja tu hukuwepo na ukaona kilichotokea. Lakini igeuze upande wa pili. Huyu wa nne, na yule wa tatu, wangeanza kama jikoni kwako kusingekuwa na mtu mwenye mkono thabiti na kalamu ya kupigia hesabu? Sina jibu, pengine wangeanza vilevile. Wewe unawajua. Ninachoona ni kwamba utulivu wako wanauchukulia kama cheti cha kile kichupa, na hicho si cheti unachoweza kukitoa.

Basi una njia gani? Unaweza kuendelea kupima. Faida yake ni kwamba kosa la mara kumi halitatokea mbele ya macho yako. Hasara yake ni kwamba kila Alhamisi unashiriki kudunga kitu usichokijua kwa watu ambao hakuna aliyewauliza maswali: nani ananyonyesha, nani tayari anameza dawa za sukari, nani ana historia ya kuumwa kongosho, nyumba ya nani ilipata saratani ya tezi ya shingoni. Na dawa ambayo haikusajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ikimdhuru mtu, wapelelezi wakifika, sukari na sabuni zinaweza kusomwa kama malipo. Sisemi itakuwa hivyo. Nasema ulijue hilo wakati unaamua.

Unaweza kususa. Utalala ukiwa na mikono misafi, lakini sijui kama utalala usingizi. Barua yako inaniambia utakuwa macho Alhamisi usiku ukisubiri simu.

Unaweza kuwafundisha: kila kichupa kikichanganywa kiandikwe kwa kalamu ya wino miligramu, mililita, mstari na tarehe, na asiyeweza kuipiga hesabu mwenyewe mbele yako asijidunge. Hiyo inapunguza kosa la hesabu kwa kiasi kikubwa. Lakini mtu aliyefundishwa hupata ujasiri, na ujasiri ule ataupeleka kwa jirani yake. Mwaka mmoja baadaye unaweza kukuta majiko manane.

Na ipo njia ambayo hukuitaja, nikashangaa, kwa sababu iko kwenye mstari wako wa tatu. Yule nesi aliyekufundisha. Kila ukimpeleka mama kliniki unaonana naye, na kliniki ya kisukari ndiyo mahali ambapo dawa za jamii hii zinajulikana. Huhitaji kutaja jina la mtu. "Nina ndugu anayejidunga hiki, nimwambieje?" Atakukaripia kidogo, manesi wetu unawajua. Baada ya hapo anaweza kukuambia daktari yupi anapokea watu wa uzito bila kuwatahayarisha, na vipimo gani waanze navyo. Hatari ni kwamba wifi atakuona umemsaliti hata kama hukumtaja. Pia wanaweza kwenda, wakaambiwa bei, wakarudi kwako vile vile.

Nimechelewesha kwa makusudi jambo lililonigusa kuliko yote. Umeandika kwamba kaka anahesabu miezi akisubiri mtoto wa pili, kisha ukaendelea na habari nyingine. Rudi hapo, mwanangu. Watengenezaji wa dawa hii wanaagiza mwanamke aiache angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, kwa kuwa haitoki mwilini upesi. Huchukua takriban wiki moja kupungua nusu. Piga hesabu hiyo pia: Alhamisi ile wifi aliporudi wa kwanza jikoni kwako, kama kichupa kilisema kweli, bado alikuwa na karibu miligramu 1.25 kutoka wiki iliyotangulia, mara tano ya dozi ya kuanzia, kabla hujagusa bomba.

Wifi anajua hili la mimba? Huenda hajui kabisa. Huenda anajua na hayuko tayari kuzaa, na hajapata mlango wa kumwambia mumewe. Kwa hiyo kabla ya swali la kaka kuna swali la wifi, na nadhani linahitaji siku isiyo Alhamisi, mkiwa wawili, bila vichupa mezani. Muulize pia ilianzaje. Mwanamke haanzi kujidunga unga wa maabara kwa sababu ya kioo peke yake; kuna mtu alisema neno, kwenye harusi, kitandani, au kwenye picha mtandaoni. Kaka anamsifu sana sasa mbele za watu. Alikuwa anasema nini zamani?

Kuhusu kaka mwenyewe, unayapima mambo mawili tu, kusema au kunyamaza. Katikati pana nafasi. Mwili ni wa wifi, na habari zake ni zake kwanza. Lakini kiapo chako kilikuwa kumficha kaka. Hukuapa kumficha daktari. Unaweza kumwambia wifi hivi: "Sitakwenda kumsemea kwa mumeo. Ila ukilazwa tena, nitamwambia daktari ulichojidunga, hata kaka akiwa amesimama pale." Anaweza kukasirika, anaweza kuacha kuja, anaweza pia kuona afadhali kumwambia mumewe mwenyewe kuliko kusubiri kuumbuliwa wodini. Unaweza pia kuona kwamba aliyekusomesha anastahili kusikia kutoka kwako sasa hivi. Nitakuelewa. Lakini ukichagua hilo, wifi asilisikie kwanza kutoka kwa kaka. Mwambie wewe, kabla.

Lolote utakaloamua, wale wanne wazijue dalili za kuwakimbiza hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja asubuhi: maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mpaka mgongoni, kutapika hadi maji yanashindwa kukaa na mkojo kupungua, macho kugeuka manjano, na jasho la baridi lenye kutetemeka na kuchanganyikiwa. Hili la mwisho waliotumia dawa za sukari wasilichezee hata kidogo. Nawe unalijua kwa mama.

Na kile kichupa cha miligramu 10 kilichomlaza wifi, kama bado kipo, usikitupe. Kiweke kwenye mfuko wake, pamoja na boksi, chupa ya maji, picha ya lebo na ule ujumbe wa sauti. Daktari akitaka kujua ni nini kiliingia mwilini, ataanzia hapo. Na ukiamua siku moja kuripoti TMDA, watahitaji hicho hicho. Kihifadhi mbali na friji ya insulini ya mama.